Kabla ya dripu ya kwanza, ulizeni kikohozi

Mgonjwa wa saratani anayefika Mwanza kuanza tiba hukaguliwa mambo mengi. Wingi wa damu unapimwa, figo na ini vinapimwa, uzito unaandikwa ili kipimo cha dawa kikokotolewe. Ninachodai ni kwamba jambo moja liongezwe kwenye orodha hiyo, liwe la lazima, lisitegemee ni daktari gani yuko zamu: kila mgonjwa achunguzwe kifua kikuu kabla ya dripu ya kwanza, na aulizwe tena kila anaporudi kwa mzunguko mwingine wa dawa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa vimelea vya kifua kikuu, yaani TB. Wengi wao hawataugua kamwe. Katika kila watu 100 walioambukizwa, ni 5 hadi 10 tu ambao ugonjwa utawaamkia siku moja. Baadhi ya waliobaki miili yao huviondoa; wengine wanaishi navyo, kinga ya mwili ikiwa imevizingira mapafuni au kwenye tezi na kuvizuia visizaliane. Hawakohoi, hawamwambukizi mtu, na wenyewe hawajui kitu. Tanzania ni mojawapo ya nchi 30 ambazo WHO inazihesabu kuwa na mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Mtu aliyekulia Igogo au Mabatini, akasoma darasa lililofurika, akapanda daladala miaka yote na kuvuka kwenda Ukerewe kwenye chombo kilichojaa, ana kila sababu ya kuwa amewahi kuvuta hewa yenye vimelea hivyo.

Kisha mtu huyo anapata saratani, na tunampa dawa ambazo kazi yake ni kuua seli zinazozaliana haraka. Seli za uboho zinazotengeneza chembe nyeupe za damu nazo huzaliana haraka, kwa hiyo zinakufa pamoja na uvimbe. Prednisoloni na deksamethasoni, zinazotolewa kama sehemu ya tiba au kwa ajili ya kutuliza kutapika, zinadhoofisha chembe zilezile za kinga zilizokuwa zinaizuia TB isiamke. Saratani za damu na za tezi za limfu zinaharibu kinga hata kabla kemo, yaani hizo dawa za kuua seli za saratani, haijaingia mshipani. Na mgonjwa asiyeweza kula anakonda, huku utapiamlo wenyewe ukiwa mmoja wa visababishi vikubwa vya TB.

Hili limepimwa. Mapitio yaliyokusanya tafiti za nchi mbalimbali yaliona kwamba hatari ya mtu mzima mwenye saratani kuugua TB ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mtu asiye na saratani. Kwa saratani za damu na limfu ilizidi mara tatu, na kwa watoto ilipita mara kumi. Nasisitiza la watoto kwa sababu ukanda huu wa ziwa ni nyumbani kwa limfoma ya Burkitt, ule uvimbe unaokua kwa kasi kwenye taya au tumboni, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Mtoto mwenye Burkitt hupewa siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, mara nyingi pamoja na prednisoloni. Hatari ya aina hiyo ikiongezwa juu ya mazingira ya nyumba ambamo babu anakohoa, sioni kwa nini swali la TB lisubiri mtoto aanze kuumwa.

Ajabu ni kwamba mgonjwa wa kemo hana mstari wake kwenye orodha ambayo dunia inaifuata. Miongozo ya WHO kuhusu kinga ya TB inawataja watu wanaoishi na VVU, wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wa TB, wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, wanaoandaliwa kupandikizwa kiungo au uboho, wanaoanza dawa fulani za baridi yabisi zinazozima kinga, na wenye ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la mawe. Mama anayepata kemo ya saratani ya matiti hayumo. Uingereza, ambako TB ni chache mno ukilinganisha na kwetu, mwongozo wao wa taifa unataja wazi saratani za damu na kuwa kwenye kemo miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kuugua. Wao wenye vimelea vichache wameandika. Sisi tulio navyo vingi ndio tulipaswa kuwa wa kwanza. Tena mlango uko wazi: tangu 2021 WHO imesema kwamba mahali ambapo TB inazidi watu 100 kwa kila 100,000, wagonjwa wenye jambo linaloongeza hatari wanaweza kuchunguzwa kwa utaratibu maalumu wanapokuja kutibiwa. Tanzania iko juu ya kiwango hicho. Hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Fikiria wanawake wawili waliokaa benchi moja. Mmoja ana saratani ya shingo ya kizazi na anaishi na VVU. Kila anapokwenda kliniki yake ya VVU anaulizwa: unakohoa? una homa? unatoka jasho usiku? umepungua uzito? Akijibu ndiyo hata kwa moja, anatakiwa achunguzwe. Wa pili ana saratani ya matiti, hana VVU, naye kinga yake imeshushwa makusudi na dawa tulizomwandikia sisi wenyewe. Huyo ataulizwa akibahatika kumpata daktari mwenye mazoea ya kuuliza. Sioni hoja ya kitabibu inayoweza kutetea tofauti hiyo. Imetokana na namna miradi ilivyofadhiliwa: VVU ilipewa fedha, madaftari na watu, na TB ikaunganishwa humo kwa sababu vifo vilikuwa vinaonekana. Saratani ilikuja baadaye ikiwa na mlango wake.

Kuna jambo la historia linalonijia hapa. Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza kugundua kimelea cha TB tarehe 24 Machi 1882, alifika Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Mwaka 1906 alipiga kambi visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa ziwa hili, akitafiti malale. Aliwahi pia kufanya kazi katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako leo ipo taasisi ya taifa ya saratani. Magonjwa haya mawili yamekutana kwenye jengo moja, lakini katika utendaji tumeyajengea idara tofauti, waratibu tofauti na rejesta zisizosomana.

Gharama ya utengano huo inaanza mapema sana, kwenye utambuzi, na hapa naomba msomaji avumilie kwa sababu ndipo penye uzito.

TB na saratani zinafanana kwa sura kiasi cha kumdanganya hata mtaalamu. Homa za jioni, jasho la usiku linaloloanisha shuka, kukonda: hizo ni dalili za TB, na hizohizo ndizo daktari wa saratani anazoziuliza akihisi limfoma. Mitoki iliyovimba shingoni inaweza kuwa TB ya tezi au saratani ya tezi. Tumbo la mwanamke likijaa maji, likawa na vinundu kwenye utando wake, na kipimo cha damu cha CA-125 kikawa juu, wengi hufikiria saratani ya ovari moja kwa moja; lakini TB ya tumbo inaweza kuleta picha hiyohiyo, na kipimo hicho hupanda katika magonjwa yote mawili. Duniani kote wapo wanawake waliofanyiwa upasuaji wakidhaniwa wana saratani, kumbe ni TB inayopona kwa vidonge vya miezi sita. Uti wa mgongo uliobonyea unaweza kuwa TB ya mifupa, unaweza kuwa saratani ya tezi dume iliyosambaa.

Kinyume chake kinauma zaidi. Mwanaume wa miaka sitini anakohoa, picha ya kifua ina doa juu ya pafu la kulia, makohozi hayaonyeshi vimelea, anaanzishiwa dawa za TB kwa kuangalia picha na dalili. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili unapita, kikohozi kiko palepale na sasa anatema damu. Anaambiwa amalize dozi. Akija kukatwa kinyama mapafuni kipelekwe maabara, saratani imeshasambaa. Katika ukanda ambao vijana na wazee wamevuta vumbi la mawe kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na kwingineko, kosa hili ni rahisi kutokea, kwa kuwa vumbi hilo linaongeza hatari ya TB na ya saratani ya mapafu pia. Na makovu yanayoachwa na TB ya zamani yenyewe yanahusishwa na saratani ya mapafu. Mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo jibu la "ni TB" halifungi mlango wa saratani, wala jibu la maabara kwamba ni saratani halifungi mlango wa TB. Mgonjwa wa TB ambaye makohozi yake hayakuthibitisha kitu, na ambaye hajapata nafuu kufikia mwezi wa pili wa dawa, anapaswa kurudishwa mwanzo kabisa wa uchunguzi. Naamini sheria hiyo moja ingeokoa mapafu mengi.

Ugumu mwingine unakuja katikati ya tiba. Siku kadhaa baada ya kemo, chembe nyeupe zinaposhuka, mgonjwa hupata homa, na homa hiyo ni dharura: anapewa antibayotiki bila kusubiri, na ndivyo inavyotakiwa. Ila homa isiyosikia antibayotiki, inayorudi kila mzunguko, inayoambatana na kikohozi kikavu, lazima imkumbushe mtu TB. Ipo pia hatari isiyosemwa vya kutosha. Levofloksasini, na kwa kiasi kidogo siprofloksasini, ambazo hutumika kutibu maambukizi mengi ya kawaida, zina nguvu fulani dhidi ya vimelea vya TB. Mgonjwa mwenye TB iliyojificha akipewa, anapata nafuu ya siku chache, makohozi yanapimwa yanaonekana safi, na ugonjwa unaendelea kimyakimya huku vimelea vikipata nafasi ya kujifunza usugu. Anayenunua dawa hizo dukani kwa sababu ya kikohozi, kabla hajafika hospitali, anajitengenezea mtego huohuo.

Tukishaipata TB, kazi haijaisha, maana dawa nazo zinagombana. Rifampisini, nguzo ya tiba ya TB, inaliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Tamoksifeni, kidonge ambacho wanawake wengi wenye saratani ya matiti hukimeza kwa miaka, hushuka mno kwenye damu kikimezwa pamoja na rifampisini, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani anatibiwa kumbe anameza karibu bure. Imatinibu ya saratani ya damu hushuka vilevile. Prednisoloni hupungua nguvu. Hata morfini inayotuliza maumivu inaweza kuacha kutosha, na ndugu wakaona mgonjwa wao "amezidiwa" ilhali ni dawa imevunjwa. Isoniazidi na vinkristini zote huleta ganzi na kuchomachoma miguuni, ndiyo maana vitamini B6 haipaswi kusahaulika. Isoniazidi, pirazinamidi na methotreksati zote zinaweza kuumiza ini.

Hakuna lolote kati ya haya linalozuia kutibu magonjwa yote mawili. Kwa kawaida TB huanza kutibiwa kwanza, mgonjwa akatulia, kisha kemo ikaanza au ikaendelea. Saratani inayokimbia haiwezi kusubiri miezi sita. Linalotakiwa ni daktari wa saratani na mtu wa TB kukaa pamoja na karatasi moja yenye dawa zote. Mgonjwa anayechukua kemo jengo hili na vidonge vya TB jengo lile, bila mmoja kujua anachotoa mwenzake, yuko hatarini hata kama kila mmoja wao amefanya kazi yake vizuri.

Sasa hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Yupo atakayesema: kama hatari ni kubwa hivyo, kwa nini tusimpe kila mgonjwa wa saratani dawa za kinga ya TB, kama tunavyowapa wenye VVU? Siungi mkono kuwapa wote. Isoniazidi ya miezi sita kwa mtu ambaye ini lake tayari linabeba kemo si jambo dogo. Dozi 12 za kila wiki za isoniazidi na rifapentini zinavutia kwa ufupi wake, lakini rifapentini nayo inaliamsha ini kama rifampisini. Vipimo vya kujua nani ameambukizwa, cha ngozi na cha damu, vinategemea kinga iliyo hai; mgonjwa ambaye kinga yake imechoka anaweza kusomeka hana ilhali anayo. Na ukimpa dawa ya kinga mtu ambaye tayari anaugua TB, unamtibu nusu tiba. Ningependa kinga itolewe kwa waliochaguliwa kwa makini, ikiwa imeshahakikishwa kwamba mtu haugui TB tayari: watoto, wenye saratani za damu na limfu, watakaotumia steroidi kama prednisoloni muda mrefu, wenye VVU, na yeyote aliyeishi karibuni na mgonjwa wa TB. Kwa wengine wote, tuwekeze kwenye kuutafuta ugonjwa wenyewe.

Na kuutafuta kunawezekana kwa vitu ambavyo tayari tunavyo. Wagonjwa wengi wa saratani hupigwa picha ya kifua ili kuona kama uvimbe umesambaa. Picha ipo, imeshalipiwa. Isomwe kwa maswali mawili badala ya moja. Yale maswali manne ya kliniki ya VVU yaulizwe, ingawa kwa mgonjwa wa kemo yana walakini, maana kukonda na homa anaweza kuvipata kutokana na dawa zenyewe. Ndiyo maana kwake nisingesubiri kikohozi cha wiki mbili. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha kutoa kikombe cha makohozi. Mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliiidhinisha Desemba 2010, inatoa jibu ndani ya saa mbili hivi na kuonyesha kama vimelea ni sugu kwa rifampisini. Mtoto asiyeweza kutema anaweza kupimwa kwa kinyesi. Na kinyama kinachokatwa kwenye tezi kwa ajili ya kutafuta saratani, kipande kidogo kiwekwe bila formalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, kipelekwe kupimwa TB, kwa sababu kikishaloweshwa chote humo hakiwezi tena kuoteshwa.

Mwanza si mahali pa kuambiwa kwamba jambo hili ni geni. Tafiti zilizofanyika hapa jijini zilionyesha kwamba kisukari kinaongeza hatari ya TB. Hospitali ya Bugando inapokea wagonjwa wa saratani kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa na ina tiba ya mionzi. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kipo. Chuo kikuu cha afya kipo palepale Bugando. Kwa taifa zima, Mpango wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na kazi aliyoifanya daktari Karel Styblo hapa nchini ilikuwa msingi wa mkakati wa DOTS, wa mgonjwa wa TB kumeza dawa akisimamiwa, ambao WHO iliusambaza duniani katika miaka ya 1990. Vifo vya TB nchini vimepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2015 kwa makadirio ya WHO. Nchi iliyofanya hayo haishindwi kuongeza maswali manne kwenye fomu ya kemo.

Kuhusu hewa niseme kidogo. Mgonjwa wa kemo hukaa saa nyingi kwenye chumba cha dripu pamoja na wenzake ambao wote kinga imeshuka. Mmoja akiwa na TB isiyojulikana, hakuna mahali pabaya zaidi pa kukohoa. Madirisha yafunguliwe, upepo wa ziwa upite, na anayekohoa apewe barakoa na ahudumiwe kwanza ili aondoke mapema. Anayetoka Ngara au Ukara hufikia kwa ndugu mjini, chumba kimoja watu sita. Familia hiyo nayo iulizwe nani anakohoa. Kwa wavuvi swali liwe la kambini, mahali wanapolala pamoja msimu mzima wa dagaa, kwa kuwa nyumbani wanaonekana mara chache.

Wewe uliye mgonjwa au unayemuuguza mzazi wako, usingoje mwongozo ubadilike. Siku ya kwanza ya kliniki sema kama umewahi kutibiwa TB, mwaka gani, na kama ulimaliza dozi. Taja aliyewahi kuugua nyumbani. Taja machimbo kama uliwahi kufanya kazi huko. Beba pakiti za dawa zote unazomeza, za hospitali na za dukani, uziweke mezani. Ukianzishiwa dawa za TB, mwambie daktari wa saratani siku hiyohiyo, na usiache kimoja kwa sababu ya kingine bila kuuliza. Dawa za TB ni bure, zinapatikana Nansio, Sengerema, Magu na kwenye vituo vingi vya karibu na kwako, kwa hiyo si lazima uzifuate mjini kila mara. Omba barua ya rufaa iandike tiba zote mbili, majina ya dawa, tarehe ya mzunguko ujao wa kemo, na namba ya simu ya kliniki ambayo muuguzi wa kituo chako anaweza kuipiga macho yako yakianza kuwa ya njano, dalili kwamba ini linaumia.